Mikate ya Majani ya Mama Vanessa

Watu waliompiga risasi baba yake Ernestine walikula kwanza. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne, nyumbani kwao Sange, na mama yake Apolline alikuwa ndiyo kwanza ameipua sufuria ya mikate ya mahindi mabichi. Wanaume watano wenye bunduki wakaingia uani, wakachutama kuizunguka sufuria, wakaanza kubandua majani ya mgomba na kula huku wakipuliza vidole. Baba akawaletea chumvi. Waliposhiba, mmoja alijifuta mikono kwenye suruali, akamwambia baba asimame mlangoni, akampiga risasi mbili za kifua. Wakaondoka na mbuzi.

Ernestine aliyaona hayo akiwa amejibanza nyuma ya kinu, na mdogo wake Gracien, mtoto wa mwaka mmoja, amefungwa mgongoni mwake kwa kitenge. Mtoto hakulia. Alikuwa akinyonya fundo la kitenge.

Matanga hayajaisha, watu wa Sange walikuwa wameshajua wauaji ni akina nani. Walikuwa wanataja kabila moja, la wafugaji wa milima ya juu, kila mtu na ushahidi wake, hata waliokuwa shambani siku ile. Ernestine hakuulizwa. Gracien alikua akiisikia hadithi hiyo kwa mama yao, kwa wajomba, shuleni, mpaka ikawa yake kuliko ya dada yake aliyekuwepo.

Alipofika miaka ishirini Ernestine aliolewa na fundi wa matofali, Gaspard, wakahamia Uvira, mtaa wa Kasenga. Walizaa binti mmoja, Vanessa. Gaspard akaenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa kusini akisema atarudi Pasaka. Pasaka nyingi zilipita, kisha ikajulikana ana mke mwingine huko. Ernestine hakumfuata. Alichukua sufuria kubwa aliyoachiwa na mama yake, akaanza kupika kitu alichokijua toka utotoni.

Mikate ile ina masharti. Mahindi lazima yawe mabichi kiasi kwamba ukiitoboa punje kwa ukucha itoe maziwa. Yakikomaa, mkate unakuwa mgumu kama kisigino. Punje unazikata na kisu, unazitwanga mpaka zinakuwa rojo zito, unatia chumvi. Jani la mgomba unalipitisha juu ya moto lilegee, lisije likapasuka ukilikunja. Katikati ya rojo unaweka ndagala, yaani dagaa wa ziwani, wakavu waliokaangwa kwa mawese, kitunguu na pilipili, unafunga kwa kamba ya mgomba. Vifurushi vinasimamishwa ndani ya sufuria juu ya vijiti, maji yakichemka chini yake, na juu unafunika kwa majani na bati. Wapita njia wa Kasenga waliijua harufu hiyo kabla ya kuiona parsela, kiwanja chake. Madereva wa pikipiki walisimama wakala bila kushuka.

Gracien naye alishuka kutoka Sange kuja kusoma, akalala sebuleni kwa dada yake miaka minane. Alimwita yaya, yaani dada mkubwa, na kila asubuhi alikula mitatu ya ndagala kabla ya kwenda shule. Ernestine alimfulia, alimlipia, alikesha kando ya kitanda chake alipougua kipindupindu. Kwake Gracien alikuwa mtoto wake wa kwanza.

Nyiramana alifika Kasenga akiwa na binti mmoja, Ihirwe, na jeraha la panga begani lililokuwa limeanza kunuka. Alitoka milima ya juu, kwa wafugaji. Kijiji chao kilichomwa, ng'ombe wakafukuzwa wote siku moja, na mume wake, Sebagenzi, alikatwa mbele ya zizi. Alitembea siku nne na mtoto. Kanisani walimtafutia mahali, na Ernestine akatoa chumba cha nyuma cha parsela yake, kwa kuwa kilikuwa kinakaa mahindi tu.

Wiki za kwanza mgeni yule hakutoka. Siku moja akaja jikoni, akaketi kwenye kigoda, akaanza kumenya mahindi bila kuombwa. Mwezi ulipopita alionja mkate, akatafuna polepole.

"Mama Vanessa," alisema, "hii ni nzuri. Lakini kwetu mutoto angelia kwa pilipili."

"Kwenu mungeweka nini?"

"Siagi ya maziwa. Na kitu cha sukari."

Wakajaribu. Walichukua ndizi zilizoiva mpaka ganda limekuwa jeusi, wakaziponda ndani ya rojo la mahindi, wakaongeza sukari kidogo na siagi ambayo Nyiramana aliipata kwa mzee Nkusi, mtu wa kwao aliyekuwa akipitisha maziwa mtaani kwa kibidoni, dumu dogo. Mikate ile ya tamu iliisha kabla ya ile ya ndagala. Kuanzia hapo wanawake wale wawili walipika pamoja miaka mitano: ya tamu ikifungwa kamba moja, ya chumvi kamba mbili, ili mtu asije akakosea. Waligombana juu ya moto na juu ya kiasi cha sukari. Hawakugombana juu ya jambo lingine.

Gracien alipokuja kutembea, alikula ya ndagala tu. Ya kamba moja hakuigusa. Wakati huo alikuwa ameshaacha kazi yake ya kuchomelea vyuma, akiwa na vijana waliojiita walinzi wa mtaa. Mwanzo walikuwa na filimbi na fimbo. Baadaye wakawa na mapanga, na mmoja wao, mtu wa koti jeusi aliyetoka mahali pengine, akawa na bunduki.

"Yaya, ule mama atatoka hapa lini?" alimuuliza dada yake siku moja, Nyiramana akiwa hatua tano tu kutoka hapo, ameinamia kinu.

"Atatoka minye nikitoka."

"Walimuua baba."

"Nani alimuua baba? Weye ulikuwa kwenye mugongo wangu. Minye ndiyo nilikuwa na macho."

Gracien akainuka, akaondoka bila kuaga. Nyiramana aliendelea kutwanga. Alikuwa ameyasikia maneno ya namna hiyo kwingi, na alijua yanapoelekea.

Mwezi wa pili mwaka jana, vita vilipokaribia kutoka upande wa kaskazini, mji ulijaa askari waliokimbia. Walifika kwa malori, kwa miguu, wengine wamevua magwanda, na kila mmoja alikuwa na njaa na risasi. Walipora maduka. Walipigana wenyewe kwa wenyewe kugombania pikipiki. Siku ya tatu milio ilianza alfajiri, na watu wa Kasenga wakajifungia.

Ernestine alikuwa na beseni zima la rojo alilotwanga jana yake. Rojo la mahindi haliwezi kungoja. Likilala mara mbili linachacha. Akamwambia Vanessa awashe makaa. Nyiramana alisema waache, moshi utawaita watu. Ernestine akajibu kwamba watu wakitaka kuja hawahitaji moshi, na kwamba wakikaa bila kazi wataumwa na woga. Basi wakafunga vifurushi wote wanne, hata Ihirwe, wakiinama kila bunduki ilipolia. Kufika saa tatu sufuria ilikuwa inachemka.

Ndipo waliposikia kelele za watu wengi barabarani. Vanessa alichungulia kwenye tundu la lango la bati, akarudi nyuma, akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Ernestine akaweka jicho mahali lilipokuwa la binti yake. Mzee Nkusi alikuwa amelala kifudifudi kwenye mtaro. Kibidoni chake kilikuwa kimepasuliwa, na maziwa yalikuwa yanatiririka mtaroni yakigeuka rangi ya waridi. Kijana mmoja alikuwa bado anampiga kichwani kwa jiwe la ujenzi, akiliinua kwa mikono miwili na kuliangusha, akiliinua na kuliangusha, kama mtu anayevunja kifusi. Mzee alikuwa ameshakufa zamani. Wengine walikuwa wamesimama wakitazama, na miongoni mwao, panga mkononi, alikuwapo Gracien.

Gracien akainua mkono akalionyesha lango la dada yake.

"Ingia ndani," Ernestine alimwambia Nyiramana. "Na mutoto. Mulale chini."

Nyiramana alimshika Ihirwe, wakaingia chumba cha nyuma. Kitasa cha mlango ule kilikuwa kimekufa siku nyingi. Ulifungwa kwa kamba tu. Ernestine akasogea, akasimama kati ya mlango na jiko.

Lango lilifunguka kwa teke la pili. Waliingia wanne. Mtu wa koti jeusi alitangulia, bunduki imeelekezwa chini, macho mekundu. Alinusa hewani.

"Munapika," alisema.

"Tunapika. Kama munataka kula, mukae, mikate inaiva."

Alilisema hilo bila kufikiri, na papo hapo akamwona baba yake akileta chumvi.

"Ule mama iko wapi?"

"Alikwenda. Toka juzi."

Mtu yule akamgeukia Gracien. Gracien hakumtazama dada yake. Alisema kwa sauti ya chini, "Iko ndani. Chumba ya nyuma."

Kitako cha bunduki kilimpata Ernestine kwenye taya. Alisikia meno yakivunjika kabla ya kusikia maumivu, akaanguka kwa magoti kando ya jiko, damu ikimjaa mdomoni. Vanessa akapiga kelele, na kijana mmoja akamkamata nywele, akamvuta mpaka ukutani, akamkandamiza hapo kwa goti. Mtu wa koti jeusi akampiga Ernestine teke la mbavu, kisha akamwambia Gracien, "Hii ni kazi yako. Weye ndiyo uko na deni ya baba."

Gracien akapita. Alikata kamba ya mlango kwa panga mara moja. Ndani Ihirwe alianza kulia, kilio chembamba, na Nyiramana alisikika akiomba kwa Kinyamulenge, lugha ya kwao, maneno ya haraka yasiyo na pumzi. Gracien akainua panga.

Ernestine hakuwahi kueleza alivyosimama. Anachokumbuka ni kwamba hakutafuta kitambaa cha kushikia. Aliishika sufuria kwa mikono mitupu, maji, vijiti, vifurushi na yote, akaibeba hatua tatu, akammwagia mdogo wake kuanzia kiunoni kwenda chini.

Mlio alioutoa Gracien ulisikika mpaka nyumba ya tano. Panga lilianguka. Naye akaanguka juu ya vifurushi, akajaribu kuvua suruali, na ngozi ikaja pamoja nayo. Mtu wa koti jeusi akafyatua. Risasi ilipita katika mkono wa kushoto wa Ernestine, kati ya kiganja na kiwiko, ikatoboa ukuta. Alikuwa anainua bunduki mara ya pili, safari hii taratibu, akilenga kichwa, wakati lori la askari lilipokwama kwenye kona ya barabara na watu wakaanza kupiga kelele kwamba limejaa mchele na halina dereva. Risasi zikanyesha upande ule. Kijana aliyemshika Vanessa akamwachia, akakimbia. Wa pili akamfuata. Mtu wa koti jeusi alisita, akamtazama Gracien anayegaagaa chini, akamruka kama mtu anavyoruka dimbwi, akatoka.

Hawakurudi kumchukua.

"Maji," Ernestine alisema, na damu ikamtoka na neno. "Maji baridi. Mumwagieni."

Nyiramana alikuwa ametoka chumbani, mtoto ameficha uso tumboni mwake. Kando yake kulikuwa na bidoni la maji. Aliliinua. Alisimama nalo juu ya Gracien muda mrefu, na Gracien akamtazama kutoka chini, akitetemeka, midomo myeupe. Kisha Nyiramana akalitua pale pale alipolitoa.

"Mumwagie nyinyi," alisema. "Minye siwezi."

Vanessa ndiye aliyemwagia.

Ernestine alifungwa mkono kwa kipande cha kitenge, na kabla mtaa haujatulia walipita migongo ya nyumba mpaka kanisani, yeye, Nyiramana na mtoto. Walifichwa kwenye stoo ya viti siku tatu. Siku ya nne Nyiramana alivuka mpaka wa Kavimvira kwenda nchi jirani, kati ya mamia ya watu wenye magodoro vichwani. Alivaa nguo za Vanessa, na alimkataza Ihirwe kusema neno lolote, hata akiulizwa jina. Kizuizini kabla ya mpaka walimwona mwanamke mmoja akitolewa kwenye mstari kwa sababu ya pua yake. Hawakugeuka nyuma kuona.

Gracien alipelekwa hospitali kwenye mkokoteni wa mizigo, Vanessa akisukuma na mama mmoja jirani akivuta. Dawa zilikuwa zimeporwa. Walimsafisha vidonda kwa maji ya chumvi, akiwa ameshikwa na watu wanne. Ernestine alipotoka kanisani alilazwa jengo hilo hilo, upande wa wanawake, na kwa wiki mbili alimsikia mdogo wake kila asubuhi, saa ya kusafishwa, kupitia ukuta.

Mama yao Apolline alikuja kutoka Sange barabara ilipofunguka. Alianza kwa Gracien. Kisha akaja akasimama mwisho wa kitanda cha Ernestine, hakuketi.

"Umemuchoma mutoto wangu kwa sababu ya mugeni."

"Alikuwa na panga juu ya mutoto mwenye miaka tisa, mama."

"Minye nilikuzaa weye na yeye. Ule mama sikumuzaa."

"Mama. Siku ya baba, ulisikia wale watu wakisema luga gani?"

Apolline alishika chuma cha kitanda. "Nilikuwa ndani," alisema. "Nilijifunika kichwa."

"Minye nilikuwa inje. Walisema Kiswahili. Kama hiki chetu."

Mama yake akageuka akatoka. Tangu siku hiyo hajakanyaga Kasenga.

Ernestine aliporudi nyumbani alikuta jiko lake limechomwa na lango limeandikwa kwa makaa neno ambalo Vanessa alilisugua kwa mchanga asubuhi nzima. Wateja wengine walikuja, wengine walipita upande wa pili wa barabara. Wiki moja jiwe lilirushwa juu ya bati, likamjeruhi jirani aliyekuja kuazima moto. Ernestine akaenda mwenyewe, taya lake bado limevimba, mpaka kwa kijana aliyelirusha, mtoto wa watu anaowajua. Alimkuta anakula na wazazi wake. Alimwekea lile jiwe mezani, kando ya sahani ya ugali, akasema, "Hii iko yenu," akarudi nyumbani. Mawe yakakoma. Hakujua kama ni kwa aibu au kwa sababu sasa walimwogopa kuwa ni mwanamke anayeweza kuchemsha ndugu yake.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunji tena, na viganja vyake vimebaki laini na vyekundu, bila mistari. Hawezi kufunga kamba. Vanessa anafunga, yeye anaonja na kupima. Mikate ya tamu waliiacha miezi kadhaa kwa kukosa siagi. Kisha Nyiramana akapiga simu kutoka kambini, ng'ambo ya pili, sauti ikikatikakatika. Alisema Ihirwe anasoma chini ya hema na bado hapendi milango isiyofungwa. Akauliza kama ndizi zimepanda bei, akamwambia ajaribu karanga za kusaga mahali pa siagi. Hawakuitaja siku ile. Ernestine alijaribu karanga. Zilikubali.

Gracien alikuja mwezi wa kumi na moja, saa nane mchana, jua kali. Vanessa alipomwona langoni alichukua kisu cha mahindi akakishika ubavuni. Gracien alikuwa ametembea kwa mikongojo kutoka mtaa wa Songo, amekonda, na suruali imepwaya juu ya miguu iliyokuwa na makovu yanayong'aa. Wale vijana wengine, alisema, wawili wamekufa kwenye tambarare ya Ruzizi. Mtu wa koti jeusi ameonekana akiuza mafuta kwa chupa, mji mwingine.

Ernestine alimwonyesha kigoda. Alikaa kwa taabu, mguu mmoja haukunji. Kulikuwa na lundo la mahindi mbele yake, na baada ya muda alichukua moja, akaanza kumenya. Walimenya, maganda yakijaa miguuni.

"Yaya," alisema, macho kwenye hindi. "Watu wananiambia nilikuwa nataka kumutisha tu. Mama anasema hivyo pia."

Ernestine alitupa ganda kando.

"Ningemuua. Na mutoto ningemuua. Nilikuwa nimeshaamua."

"Ninajua."

"Na weye, kama nisingeanguka?"

Sufuria nyuma ya Ernestine ilikuwa imeanza kuvuma, maji yakitafuta kuchemka.

"Panga lilikuwa chini," alisema. "Ningeliokota."

Gracien akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu alilolihitaji. Akaweka hindi alilomaliza kwenye beseni, akachukua lingine. Vanessa alibaki amesimama na kisu chake mpaka mjomba wake alipoondoka.